Kompyuta Iliyomkataa Mzee wa Issuna

Mtu akikuambia kompyuta haikosei, muulize kwanza kama ameiuza au ameinunua. Mimi niliifundisha, kwa hiyo sina sababu ya kuisifu. Majina ya watu siyataji humu: ya wengi kwa hiari yangu, la mmoja kwa lazima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Singida mjini kila mwenye mlango alikuwa anafungua kitu: duka la mitumba, banda la video, saluni yenye kioo kimoja. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Dodoma na cheti na kiburi, nikapanga chumba mtaa wa Utemini nyuma ya fundi cherehani, nikafungua darasa la kompyuta. Nilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilifanya kazi, nyingine ilikuwa ya kuwaonyesha wazazi. Kwenye kibao niliandika kwamba nafundisha lugha zote za kompyuta, yaani BASIC, ambayo niliijua, Pascal, ambayo niliizoea, na C, ambayo tuliheshimiana kwa mbali.

Wanafunzi wangu walikosea makosa yaleyale wanayokosea watu wa dunia nzima, ila waliyakosea kwa lafudhi ya nyumbani. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alitunga programu ya adabu: ukiiwasha inakuamkia "Shikamoo", na haiendelei mpaka uitikie. Akasahau kwamba kwa kompyuta herufi kubwa na ndogo si ndugu. Yeye ndani ya programu aliandika "Marahaba" kwa herufi kubwa mwanzoni, lakini alipoijaribu aliitikia kwa herufi ndogo. Kompyuta ikaona hajaitikia, ikamwamkia tena. Akaitikia tena, ikaamkia tena. Iliendelea kumwamkia kama mkwe mpya mpaka umeme ulipokatika, na siku hiyo tulilishukuru shirika la umeme kwa mara ya kwanza.

Mwingine alikuwa bwana shamba. Alitunga kwa C programu ya kumshauri mkulima: kama mvua imenyesha, panda, kama haijanyesha, ngoja. Katika C alama moja ya sawasawa ni amri, mbili ndizo swali. Yeye aliweka moja. Badala ya kuuliza kama mvua imenyesha, akawa ameiamuru inyeshe, na programu yake ikatangaza mvua kila siku, mwaka mzima. Singida, nchi ya ukame! Nilimwambia aiuze haraka kabla wateja hawajatoka nje kutazama mbingu.

Pascal nayo ilikuwa na tabia moja ya umbea. Ukisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari, kompyuta hailalamikii mstari uliosahau. Inapita, inafika mstari wa chini yake ambao hauna kosa lolote, na huo ndio inaoushtaki. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: "Kompyuta ikikuonyesha mwizi, mtazame jirani yake wa juu." Nililisema hilo kila wiki, kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Ukweli ni kwamba kusema ni rahisi.

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa mke wa mtu. Mumewe alikuwa mtoto mkubwa wa mzee mmoja wa hapohapo Utemini, mwenye mashine ya kukamua alizeti, na kazi ya huyo mume ilikuwa kuendesha lori la baba yake. Binti huyu akikosea kitu alikuwa harudii, tofauti na mimi. Baba mkwe wake alipoona mwenye mashine mwenzake wa upande wa stendi amenunua jenereta, hakukubali kupitwa. Akaja darasani kwangu, akaizunguka kompyuta kama mtu anayenunua dume la ng'ombe.

"Kijana, hiki kitu kinaweza kupanga foleni ya wateja?"

"Shikamoo mzee. Kinaweza."

"Marahaba. Na kinaweza kugombana nao?"

"Hapana, mzee."

"Basi ni bora kuliko vijana wangu."

Akanunua. Nikamtungia programu kwa BASIC, na mke wa mwanawe ndiye akawekwa kuiendesha, kwenye kijiofisi cha mbao kando ya mzani. Hilo halikupita kimya. Mama mkwe na mashangazi walisema mke wa mwana kukaa uwanja mmoja na baba mkwe wake, mchana kutwa, kati ya wanaume na magunia, ni mambo ya wapi? Jembe lake lilikuwa linamngoja Ilongero, kwenye mashamba ya familia. Mzee alijibu kwamba kompyuta amenunua yeye. Wakanyamaza, lakini kunyamaza kwa kungoja.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi, na leo ningeona aibu kuionyesha. Wateja niliwaweka ndani ya programu, kila mmoja mstari wake: jina, koma, idadi ya magunia. Kompyuta ilisoma kwa zamu, jina, namba, jina, namba, kama mtu anavyotembea mguu wa kushoto na wa kulia. Ikimaliza kumsoma mtu inamchapa kwenye karatasi, na yule binti anasimama dirishani na kuita watu waje kwenye mzani. Mzee mwenyewe naye alitaka magunia ya mashamba yake yaandikwe kama ya mtu mwingine yeyote, asije mtu akasema anajipendelea. Jioni majina yanafutwa, kesho wanaandikwa wengine.

Siku za kwanza watu walikuja hata bila alizeti, kutazama tu. Karatasi ilipokuwa ikitoka ikilia, wazee walirudi nyuma hatua moja. Mwenye mashine alisimama katikati ya uwanja akieleza kwamba kompyuta haina ndugu, haina rafiki, na haiongopi. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa bado sijamaliza kulipwa.

Kisha likaja lori kutoka Issuna.

Mwenye mashine alikuwa na mashamba ya kukodi huko, na aliyemwangalizia mashamba hayo alikuwa mzee mmoja wa palepale, mkulima mwenyewe, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyokwisha kuzeeka kuliko yeye. Magunia ya wote wawili yalikuja na lori moja. Yakateremshwa ya mwenye mashine kwanza, kwa heshima, kisha ya mzee wa Issuna. Yule binti akaandika, akaiwasha programu. Ikachapa wateja wa mwanzo vizuri, halafu ikasimama, ikaandika kwamba kuna kosa, ikataja na namba ya mstari. Ulikuwa mstari wa mzee wa Issuna.

Niliitwa. Nikautazama mstari ule: jina lipo, koma ipo, namba ipo. Nikadhani labda ameandika herufi O mahali pa sifuri. Nikaufuta, nikauandika upya mwenyewe. Ikakataa. Jua lilikuwa linapanda, watu wanapiga kelele, tukaita foleni kwa mdomo kama zamani.

Lori lilipokuja mara ya pili, hadithi ikawa ileile. Siku ambazo mzee yule hakuja, kompyuta ilifanya kazi kama malaika. Siku akija, inamfikia yeye na kugoma. Sasa watu wana akili zao. Msimu uliopita mashine ya kukamua ilikuwa imekwaruzwa ndani kwa sababu kuna mkulima, hakujulikana nani, aliyechanganya mchanga kwenye alizeti ili gunia liwe zito. Watu wakaweka mbili na mbili pamoja. Kompyuta imemjua.

"Kijana," mzee wa Issuna aliniuliza, kwa upole kabisa, "hiyo televisheni yako ina ugomvi gani na mimi?"

 Nilisema maneno kama umeme mdogo, vumbi, joto. Mwalimu akishindwa huwa anataja vumbi.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Kompyuta ilipogoma, mwenye mashine hakuniita mimi kwanza. Aliamuru gunia moja la yule mzee limwagwe kwenye turubai mbele ya watu wote. Wakachambua kwa mikono. Hakukuwa na mchanga. Wakamwaga la pili, hakukuwa na mchanga. Ningedhani hapo mambo yangeisha, lakini mtu akishaamini kitu, ushahidi unamsumbua tu.

"Macho yetu hayauoni," mwenye mashine alisema. "Kompyuta inauona. Rafiki yangu, rudi na magunia yako. Mwakani lori langu lisikupitie."

Mzee wa Issuna alisimama na kofia yake mkononi. Alizeti ile ndiyo ilikuwa jasho lake la mwaka, lakini naamini alichokuwa anakitazama pale chini si alizeti. Wakulima wa upande wote wa Ikungi, majirani zake, walikuwa uwanjani, na wote walikuwa wamesikia neno mchanga. Nilikasirika, tena nilikasirikia kompyuta, kitu ambacho ni sawa na kukasirikia sufuria.

Nikaingia kijiofisini, nikafunga mlango, nikamwambia yule binti tufanye tulivyofanya darasani kosa likituchosha: asome programu kwa sauti mstari kwa mstari, mimi nisikilize nikiwa nimeupa mgongo uso wa kompyuta. Macho huwa yanasoma yanachotarajia. Masikio ni magumu kudanganywa.

Akasoma. Jina, magunia manane. Jina, magunia matatu. Jina, magunia matano. Kisha akasema, "Kumi na mbili," akaendelea na jina la mzee wa Issuna.

"Rudia hapo."

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ya nani?"

Akaanza kupangusa kibodi kwa ncha ya kanga.

"Ya nani, dada?"

"Ya ndani," alisema. Halafu kwa sauti ya chini zaidi, "Ya Baba."

Nikageuka. Mstari ulikuwa pale na namba peke yake. Jina halikuwepo. Nilipomtazama, alikuwa anatazama sakafu, na hapo ndipo mimi, mtoto wa kuzaliwa Singida, nilipokumbuka kitu nilichonyonya na maziwa ya mama. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki, haliiti, na akilelewa kama alivyolelewa huyu, vidole vyake navyo haviliandiki. Wateja wengine wote aliwaandika. Alipofika kwa baba mkwe wake aliandika magunia tu, akiamini, kama sisi sote tunavyoamini, kwamba kila mtu anajua ni ya nani.

Kila mtu alijua, isipokuwa kompyuta. Yenyewe ilifika pale inatafuta jina, ikakuta kumi na mbili, ikasema haya, kama mtu ameamua kuitwa Kumi na Mbili shauri yake. Ikashuka mstari wa chini kutafuta namba, ikakutana na jina la mzee wa Issuna, ikapiga kelele. Na kwa kuwa magunia ya mwenye mashine msimu ule yalikuja na lori la Issuna tu, kila mara aliyemfuata alikuwa mzee yule. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Hawakusema kwamba na jirani yake naye ataitwa mwizi.

"Nikisema ukweli hapo nje," nilimnong'oneza, "itakuwaje?"

"Mama atasema si alisema? Kesho nitakuwa Ilongero."

Mlango ukagongwa. Mwenye mashine alitaka kujua kama nimemwona mchawi. Nikatoka na sauti yangu ya kufundishia.

"Mzee, kasoro nimeiona. Ni sisi tulikosa adabu. Kompyuta inataka mwenye nyumba aingie kwanza kwa mkono wake mwenyewe, ndipo wageni wapite."

Nilitegemea abishe. Hakubisha hata kidogo. Alifurahi mpaka akavaa miwani. Binti akatoka nje kwa mlango wa nyuma, kama mkwe anavyotakiwa, na mzee akakaa kwenye kiti, akaanza kuliwinda jina lake kwa kidole kimoja.

"Nani alipanga herufi ovyo namna hii?" aliuliza.

"Wazungu, mzee."

"Ndiyo maana."

Aliandika majina yake yote matatu, bila kumwacha babu. Nikaiwasha. Karatasi ikalia, ikatoka na watu wote: mwenye mashine, na chini yake mzee wa Issuna, safi, na magunia yake. Uwanja ukashangilia. Mwenye mashine akatoka na karatasi ameishika juu, akamwendea rafiki yake, akampiga bega.

"Haya, imekusamehe!"

"Imenisamehe nini?" mzee wa Issuna aliuliza.

 Vijana walikuwa tayari wanalisogeza gunia lake la kwanza kwenye mzani, na kijana wa mzani alilichoma kwa bambo, kile chuma cha kuonjea kilichomo ndani. Magunia ya wengine siku hiyo hakuyachoma.

Nilimsindikiza mpaka barabarani na kumweleza yote, kwa sababu nilishindwa kumwacha aende vile. Alinisikiliza hadi mwisho. Akacheka, akaacha, akacheka tena.

"Kwa hiyo mimi nimevuliwa nguo kwa ajili ya heshima ya mtoto wa watu?"

"Ndivyo, mzee."

"Nikilisema hili, yeye anarudishwa kulima."

"Ndiyo."

"Nisiposema, mimi ndiye mwenye mchanga."

Nikaitikia kwa kichwa. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa muda mrefu kuliko kofia ile ilivyostahili.

"Mwache afanye kazi," alisema. "Lakini mimi si mtakatifu, kijana. Siku moja nitasema. Sijui lini, ila nitasema."

Alinyamaza miaka. Kwenye mnada wa Issuna watoto walimwita Mzee Mchanga, na kila alikouza, bambo lilimtangulia. Niliwahi kuona mwenyewe mnunuzi mgeni kabisa, hata hajui kisa, akilichoma gunia lake kwa sababu tu wenzake walifanya hivyo. Iliniuma. Yule binti naye ilimuuma, kwa maana kila msimu dumu la mafuta lilishuka Issuna kutoka kwenye lori bila maelezo yoyote, na mzee alilipokea bila maswali.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Programu niliiandika upya kwa Pascal, halafu nikaanza kuiandika kwa C. Katikati ya kazi hiyo nilimwoa binti wa mwenye mashine, mdogo wa yule dereva. Siku chache baada ya harusi nilikaa kuendelea, nikafika kwenye mstari wa mteja wa kwanza, na vidole vyangu vikagoma kwenye jina la baba mkwe wangu. Mimi, mwenye cheti! Nilikaa pale nikitazama kibodi kama nyoka. Mwishowe nikamwita mke wangu aje aandike jina la baba yake, akacheka mpaka majirani wakaja. Basi msomaji sasa anajua kwa nini jina moja humu silitaji kwa lazima.

Yule binti, sasa shemeji yangu, alinipita. Alijifunza lugha ambazo mimi nilizisoma majalada tu, na mzee alipochoka, mashine yote ikawa mikononi mwake, mama mkwe na mashangazi wakipenda wasipende. Baba mkwe wetu alikufa akiwa mzee wa kushiba siku. Tulimzika Ilongero, katikati ya mashamba ya alizeti iliyokuwa imeinamisha vichwa.

Ilipofika zamu ya kusoma wasifu wa marehemu, mtoto wake mkubwa, dereva, alilia akashindwa. Kipaza sauti kikapitishwa mpaka kwa mkewe, kwa kuwa ndiye mwenye sauti ya kusomea na ndiye aliyeuchapa, isipokuwa jina, ambalo mumewe alilijaza kwa mkono. Mwenyekiti wa shughuli alikuwa mtu wa mjini, hakufikiria. Shemeji akasimama, akafunua karatasi.

"Marehemu," alisoma, na akasimama hapo.

Watu wakangoja. Akaangalia karatasi, akaangalia jeneza. Akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Pale palikuwa na watu wawili wanaoweza kuiambia kompyuta neno lolote kwa lugha tatu, na jina la mtu mmoja lilikuwa limetushinda wote.

Nyuma kabisa, mtu akainuka kwa msaada wa fimbo. Alikuwa amekwisha sana, ila kofia niliitambua. Akalitaja jina la rafiki yake kwa sauti ya mnadani, majina yote matatu, bila kumwacha babu. Kisha kabla hajakaa, akaongeza:

"Na mchanga sikutia!"

Watu wa zamani wakacheka, wakajishika midomo. Vijana walitazamana. Mimi nilijua amesema alichoahidi, na nikadhani mambo yataishia hapo.

Shemeji yangu alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ukoo wote nyuma yake.

"Ni kweli hakutia," alisema, na ilisikika mpaka barabarani. "Kosa la siku ile lilikuwa langu. Nilishindwa kuliandika jina la Baba, na mzee yule amelibeba kosa hilo mpaka leo."

Mzee wa Issuna alivua kofia. Akakaa, akamwomba mtu aliye karibu naye maji ya kunywa, na shemeji akaendelea kusoma kuanzia mstari wa pili.